Upepo wa Makambako na kioo cha pikipiki yangu

Mara ya tatu nilipofika Makambako kichwa kikinigonga, nilikwenda zahanati kupima malaria kabla hata sijatafuta pa kulala. Muuguzi alinitoboa kidole, nikakaa kwenye benchi nikisikiliza mlio mwembamba ndani ya masikio, kama wa mbu aliye mbali kidogo. Majibu yakaja: malaria hakuna. Akaniuliza, "Kaka, leo umetokea wapi?" Nikamwambia Dar es Salaam, kwa pikipiki. Akanitazama jinsi nilivyokuwa nageuza shingo na mabega kwa pamoja. "Kunywa maji, ulale," akasema. "Kesho kikiuma tena urudi."

Kesho yake kichwa kilikuwa chepesi kabisa. Hapo ndipo nilipoanza kutilia shaka pikipiki.

Kazi yangu ni kufuatilia ubora wa parachichi kwa wakulima wa Njombe. Kila mwezi natoka Dar alfajiri, napita Chalinze, Morogoro, Mikumi, napanda Kitonga, naipita Iringa na Mafinga, nalala Makambako. Ni zaidi ya kilomita 600. Miaka ya mwanzo nilipanda basi, kisha nikanunua pikipiki ya safari iliyotumika, injini ya cc 650, yenye kioo chake cha mbele kama ilivyotoka kiwandani. Niliipenda tangu siku ya kwanza, na naipenda mpaka leo. Ila kila safari ilinimaliza kwa namna ambayo basi halikuwahi kunimaliza.

Siku ile nikirudi, nilijichunguza njia nzima. Kutoka Makambako hadi Mafinga kichwa kilianza kuvuma. Kwenye mteremko wa Kitonga, nyuma ya malori yanayoshuka kwa gia nzito, kikatulia. Chini kwenye bonde la mibuyu barabara ikanyooka, nikafika kilomita 90 kwa saa, maumivu yakarudi. Ndani ya hifadhi ya Mikumi, ambako barabara inapita kilomita 50 kati ya wanyama na lazima uende taratibu, nikapona. Nilipotoka upande wa Doma na kukoleza moto, ugonjwa ukanidaka tena kabla sijaona milima ya Uluguru. Nilipoingia Morogoro sikuwa na swali. Malaria haipoi kwa sababu umepunguza spidi.

Naomba nieleze vizuri lilivyo, maana wengi wanalo na hawalijui jina lake. Upepo ulikuwa haunisukumi. Kusukumwa ningevumilia. Ulikuwa unanipiga makofi, kushoto kulia, kushoto kulia, kwa kasi ambayo huwezi kuhesabu. Helmeti ilitikisika kama mtu ameishika kwa mikono miwili na anataka kuing'oa. Nilipokuwa nyuma ya lori nilijaribu kusoma namba yake. Zile tarakimu zilikuwa mbilimbili, zimepandana. Nikiinama kifua kikagusa tanki, namba ikasomeka. Nikiinuka, inacheza tena. Macho yakifanya kazi hiyo kwa saa nane, na misuli ya shingo ikishikilia kichwa kisiyumbe, jioni utatafuta muuguzi.

Nikafanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya. Nilisema kioo ni kifupi, nikanunua kirefu.

Kilikuwa kizuri kwa macho. Kilizidi kile cha kiwandani kwa sentimita 10, kipana, kikiwa kimepinda vizuri. Muuzaji aliniambia, "Bosi, nyuma ya hiki utavuta hata sigara." Nililipa fedha ambayo mke wangu aliiuliza mara mbili. Safari ya kwanza nacho niliondoka kwa furaha, na mpaka Kibaha nilikuwa naona nimemaliza tatizo, kwa sababu kifuani palikuwa pametulia tuli. Baada ya Chalinze nikakolea, na kitu kipya kikaanza: ngurumo nzito kisogoni, kama ngoma inayopigwa ndani ya debe. Makofi ya usoni yalipungua, yakahamia nyuma ya kichwa. Tena nikahisi kama mtu ameniwekea kiganja mgongoni na ananisukuma mbele kuelekea kwenye usukani. Mavumbi ya lori yalizunguka na kuniingia kutokea chini, kwenye kidevu. Mvua iliponikuta Mikumi ndiyo ikawa balaa, kwa kuwa sasa nilikuwa natazama barabara kupitia kioo, si juu yake. Matone yaliyogandia kwenye kioo, matone ya helmeti, na taa za magari yanayokuja zikapasuka kwenye matone yote hayo zikawa nyota. Niliegesha kituo cha mafuta nikangoja mvua iishe. Nilingoja saa mbili.

Tangu hapo ninayo sheria moja ambayo sina mjadala nayo: ukiketi wima, macho yako yapite juu ya ukingo wa kioo, walau kwa upana wa vidole vitatu. Kioo cha gari kina wipa. Hiki hakina.

Aliyenifungua akili ni mdogo wangu wa kike. Naye anaendesha pikipiki, tena kwa utulivu kuliko mimi. Nilimlalamikia sana mpaka akaniomba funguo. "Kaka, nirudishie kile kioo cha zamani, nijaribu mwenyewe." Nilikifunga kile cha kiwandani, akaenda Chalinze na kurudi. Akavua helmeti, nywele zake hata hazijavurugika. "Mbona iko poa tu? Unalalamikia nini?"

Nilikasirika kidogo, halafu nikatazama. Mimi nina urefu wa sentimita 185. Yeye ana 160. Tulipokaa kwenye siti kwa zamu, huku mwenzake akishika rula ndefu kutoka kwenye ukingo wa kioo kuelekea kwa aliyekaa, rula ilimgusa yeye juu kabisa ya helmeti, mimi ilinigusa kati ya nyusi. Kioo kilekile, pikipiki ileile, spidi ileile. Kwake mkondo wa upepo ulikuwa unapita juu. Kwangu ulikuwa unatua usoni. Na tulipopima zaidi tukagundua jambo jingine: tukiketi, tofauti yetu si sentimita 25 hata kidogo, maana urefu wangu mwingi uko miguuni. Kinachohesabika kwenye kioo ni kuanzia siti hadi macho. Mtu akikuuliza urefu wako ili akuuzie kioo, na hajakuona umekaa juu ya pikipiki yako, anabahatisha.

Wiki iliyofuata nilikwenda Bagamoyo kumwona Mjomba. Alikuwa nahodha wa mashua miaka mingi, akipeleka mizigo Unguja, na sasa anakaa ufukweni akitazama wenzake wakivuta nyavu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamweleza shida yangu. Hajawahi kupanda pikipiki zaidi ya bodaboda ya kwenda sokoni, lakini hakuniuliza swali lolote la pikipiki. Alichukua kijiti akachora mchangani nusu duara.

"Hiki kisiwa," akasema. "Upepo wa kusi unatoka huku. Upande wa joshi, yaani upande upepo unakotokea, unapiga moja kwa moja, unajua unakotoka, unapanga tanga lako. Nyuma ya kisiwa, karibu kabisa na nchi, shwari. Sasa hapa," akachoma kijiti ukingoni, "hapa ndipo pana kisulisuli. Upepo ukivuka ukingo wa nchi unajikunja. Ukipitisha mashua hapa tanga linapapatika, mara limejaa, mara tupu, linaweza kukugeuzia foromali, ule mti unaobeba tanga. Nahodha hakai hapa. Ama aingie ndani kabisa, ama atoke nje kabisa."

Nikamwambia nimenunua kioo kirefu ili niingie ndani kabisa, na bado napigwa.

Akafikiri. "Kisiwa chako kirefu, lakini wewe umekaa mbali nacho. Nyuma ya kisiwa pakiwa patupu, upepo unaona nafasi. Unarudi. Unakuja kwa juu, unakuja kwa pembeni, unakutana nyuma na kupigana." Akazungusha kijiti mara kadhaa mpaka mchanga ukawa shimo. "Patupu hapakai patupu, mjomba."

Nimesoma mambo mengi ya hewa na pikipiki tangu siku ile, na yote yalinirudisha kwenye lile shimo mchangani. Kioo kinapokata upepo, nyuma yake hewa inapungua mgandamizo. Hewa iliyopita juu na pembeni inavutwa kurudi kujaza pengo, inajikunja, na vile visulisuli vinadondoka kimoja baada ya kingine kutoka kwenye ukingo. Kila kimoja ni kofi. Kioo kikiwa kikubwa zaidi, pengo linakuwa kubwa zaidi, na makofi yanakuwa machache lakini mazito: ndiyo ile ngoma kwenye debe. Kiganja nilichokisikia mgongoni kilikuwa hewa inayorudi kujaza pengo. Tena, ukiongeza spidi mara mbili, msukumo wa upepo unakuwa mara nne, ndiyo maana kwenye 50 husikii kitu na kwenye 100 unatafuta dawa. Na pikipiki haijui kama upepo umeuleta wewe au umekuja wenyewe. Unapokwenda 90 na upepo wa 30 unakuja usoni, kwa helmeti yako hiyo ni 120. Makambako inajulikana kwa upepo, na kutoka Mafinga kwenda kule wakati wa kusi upepo unakuchota kutoka kushoto, halafu barabara ikipinda unaupata wa uso.

Nikaamua kwamba kabla ya kununua kitu kingine nitapima. BMW walipotoa pikipiki yao ya R100RS mwaka 1976, kava lake lote lilikuwa limetengenezwa kwa kupimwa kwenye handaki la upepo, chumba cha kupulizia upepo kwa mashine, la kampuni ya Pininfarina huko Italia. Handaki langu lilikuwa barabara ya Bagamoyo kwenda Msata, Jumapili alfajiri, lami nzuri na magari machache.

Jumapili ya kwanza nilitoa kioo chote. Bolti nne tu, spana namba 10, dakika tano. Nilidhani nitateseka. Upepo ulinipiga kifuani kwa nguvu, ndiyo, mikono ikavutika, koti likavimba. Lakini kichwa! Kichwa kilikaa kama kimewekwa juu ya meza. Nilisoma bango la barabarani nikiwa mbali, kila herufi peke yake. Kelele ilikuwapo lakini ilikuwa ya aina moja, shhhh, bila ngurumo. Nilikwenda hadi Msata na kurudi nikiwa nimechoka kifua, na kichwa kizima. Nilishangaa mno. Mwaka mzima nilikuwa napigana na upepo, kumbe upepo safi haukuwa adui yangu. Adui alikuwa upepo uliovurugwa, na aliyeuvuruga ni kile kitu nilichokinunua kinisaidie.

Kama una tatizo hili na utafanya jambo moja tu, fanya hilo. Halina gharama. Ukitoa kioo na makofi yakaisha, ujue shida iko kwenye kioo. Yakibaki, tazama helmeti yako. Zile helmeti zenye ukingo uliotokeza mbele kama paa hubebwa na upepo, na helmeti kubwa kuliko kichwa hutikisika hata hewa ikiwa safi. Tikisa kichwa ghafla: helmeti ikichelewa kukufuata, ni kubwa.

Jumapili ya pili nilirudisha kioo cha kiwandani na kutafuta mahali mkondo ulipo. Kwenye barabara iliyonyooka na tupu, kwenye 80, nilisimama kwenye vikanyagio. Kimya. Kichwa kiko kwenye upepo safi juu ya mkondo. Nikakaa taratibu, nikashuka kidogo kidogo, na kwenye sentimita za mwisho yale makofi yakaanza. Kisha nikainama: yakaisha tena. Kwa hiyo mkondo uliovurugika ulikuwa ukanda mwembamba, na kichwa changu kilikuwa katikati yake. Ama niingie ndani, ama nitoke nje.

Mdogo wangu akaleta wazo la nyuzi. Alikata uzi mwekundu wa sufu vipande vya urefu wa kidole, tukavibandika kwa selotepu: safu moja kwenye ukingo wa juu wa kioo, safu nyingine chini, vingine mbele ya helmeti yangu na mabegani. Alikaa nyuma ya pikipiki ya rafiki yetu akanirekodi kwa simu kutoka pembeni. Jioni tuliitazama video ile taratibu, mara nyingi sana. Nyuzi za mabegani zimelala, zimenyooka kuelekea nyuma. Za helmeti zinazunguka kama feni. Na moja, iliyokuwa chini kabisa ya kioo upande wangu, ilikuwa imesimama wima kuelekea juu, haishuki kamwe. Upepo ulikuwa unapanda kutoka chini, kati ya shokapu za mbele na tanki, unaninyanyukia kidevuni. Hilo nisingelijua bila ule uzi. Tuliziba kwa kipande cha boksi na gundi ya karatasi ili kujaribu, na kelele ikapungua hapo hapo. Baadaye fundi alinitengenezea kizibo cha raba nyeusi kutoka kwenye raba za kuzuia matope za gari. Hakionekani ukiwa mbali. Unapoweka kitu kama hicho, geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili uhakikishe hakigusi kebo wala shokapu, na usizibe njia ya hewa ya rejeta.

Katikati ya haya yote kioo changu kirefu kiliharibika, na kuharibika kwake ndiko kulikoniokoa. Nilikiacha kwa fundi mmoja anitolee gundi ya stika. Nilikuta anakisugua kwa tambara lililolowa petroli. Kilikuwa kinang'aa. Nikamshukuru, nikakifunga kwenye pikipiki, nikakaza bolti. Siku mbili baadaye kuzunguka kila tundu la bolti kulikuwa na nyufa nyembamba kama miguu ya buibui, na katikati ya kioo ukungu usiofutika. Vioo vingi vya pikipiki ni polikaboneti. Ni plastiki ngumu sana, jiwe likikirukia hakivunjiki ovyo, lakini petroli inaila, na dawa nyingi za kusafishia vioo vya nyumbani zenye amonia vilevile. Akriliki, plastiki nyingine ya vioo hivi, haichuniki upesi na ni angavu zaidi, ila ikigongwa inapasuka. Vyote viwili vinataka maji, sabuni laini na kitambaa laini. Wadudu waliokauka, loweka taulo kwenye maji, liweke juu ya kioo dakika kumi, watatoka wenyewe. Fundi yule hakufanya kwa ubaya, na mimi sikumwambia kitu kabla. Sasa naandika kwa kalamu kwenye karatasi na kuibandika: MAJI TU.

Kioo cha fedha nyingi kikawa hakina thamani, kwa hiyo sikuogopa tena kukikata. Nilikipeleka kwa kijana anayetengeneza mabango ya maduka, maana watu wale wanaijua plastiki kuliko mafundi pikipiki. Alikagua zile nyufa kwanza, akaona bado hazijapita upande wa pili, akaziwekea washa pana za raba. Tukakubaliana: tunakata sentimita nne, nakwenda kujaribu, narudi.

Mkato wa kwanza, ngurumo ilihama kutoka kisogoni ikaja utosini. Mbaya zaidi. Mkato wa pili ikaja kwenye paji la uso, karibu sawasawa na kile cha kiwandani. Yule kijana alianza kunionea huruma. "Kaka, tukiendelea utabaki na sahani," akasema. Nikamwambia kata. Mkato wa tatu, makofi yakawa kidevuni, na kwa mara ya kwanza nikaweza kusoma namba ya lori. Mkato wa nne kioo kilikuwa chini ya kile cha kiwandani kwa sentimita sita, na mkondo ukatua kwenye mfupa wa bega, chini ya helmeti. Kichwa kikawa nje kabisa, kwenye upepo wa joshi. Kifua kikawa ndani, kimesitirika. Nilikwenda hadi Msata, nikageuza, nikarudi, na nilipoegesha ufukweni nilikaa juu ya pikipiki muda mrefu bila kushuka. Masikio yalikuwa yanasikia mawimbi.

Lilibaki pengo la Mjomba. Bado palikuwa na mvuto kidogo wa nyuma kwenye spidi kubwa. Yule kijana wa mabango alikata vibomba vya alumini vya milimita 20, tukaviweka kati ya kioo na pikipiki kwenye kila bolti, na kutafuta bolti ndefu zaidi. Sasa kioo kimesogea mbele na chini yake pana upenyo wa kupitisha hewa nyuma yake, ya kujaza pale patupu. Ukichungulia unaona mwanga unapita. Mvuto ukaisha. Kuna vioo vinavyouzwa vikiwa tayari na upenyo huo, au na breketi ya kupandisha, kushusha na kulaza. Miezi minne baadaye nilinunua kimoja cha aina hiyo, na safari hii niliingia dukani na kipimo changu nimekiandika. Muuzaji akanionyesha kirefu zaidi. Nilimwambia hapana, asante, na sikueleza.

Kwa mdogo wangu ushauri huu ungekuwa makosa. Yeye yuko ndani kabisa na ametulia. Akikata kioo atakuwa amejisogeza mwenyewe kwenye ukingo. Mtu mfupi mara nyingi atafaidika na kioo kilekile au kirefu kidogo, ilimradi aone juu yake. Ndiyo maana siwezi kumtajia mtu sentimita. Ninachoweza kumtajia ni kusimama kwenye vikanyagio, kuinama, na nyuzi.

Nizungumzie masikio, maana hapa ndipo ninapoumia kweli. Kile kimbu nilichokisikia kwenye benchi la zahanati hakijaondoka chote. Usiku ukiwa kimya kipo. Kwenye spidi ya 100, kelele ya upepo peke yake ndani ya helmeti hupita desibeli 90 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), hata kama injini ni ya kimya. Wataalamu wa afya kazini wa NIOSH, Marekani, wanaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda unapungua kwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, 100 ni robo saa. Mimi nilikuwa nakaa humo siku nzima, kila mwezi, kwenda na kurudi, kwa miaka miwili. Kioo kizuri kinaondoa ngurumo na kutuliza kichwa, lakini kelele ya upepo safi inabaki. Vizibo vya sponji vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini kwa bei ya soda. Viringisha mpaka kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio kwenda juu, kiingize, kishikilie mpaka kivimbe. Honi utaisikia. Lori utalisikia. Nawaomba sana ndugu zangu mnaosafiri mbali, msingoje kama nilivyongoja mimi.

Na vijana wa bodaboda. Pale Makambako asubuhi ya mwezi wa saba baridi inakata, utawaona wamevaa makoti kinyumenyume, mgongo mbele, ili zipu isipitishe upepo. Kijana mmoja anayeniegeshea pikipiki alikuwa amefunga kipande kikubwa cha akriliki kwenye usukani wa pikipiki yake ya cc 150, kwa waya. Alikuwa na raha nacho mjini. Alinieleza kwamba akitoka nje ya mji upepo wa pembeni unamnyang'anya usukani, na alidhani ni tairi. Kioo kilichofungwa kwenye usukani kinakuwa tanga: upepo ukikipiga ubavuni, unageuza gurudumu. Tulikipunguza pale pale kwa msumeno wa chuma, tukakiacha kinafunika mikono na kifua tu, tukatupa waya na kuweka bolti zenye raba. Kwa spidi zake za mjini hana shida ya makofi. Shida yake ni kifua, na kifua kinahitaji kioo kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Mwezi uliopita nilipita Mafinga saa kumi jioni, ukungu unaanza kushuka kwenye misonobari ya Sao Hill. Nilisimama nikapandisha kioo tundu moja kwa ajili ya baridi, nikajua nitalipa kidogo utosini mpaka Makambako, na nililipa kidogo kweli. Yule muuguzi wa zahanati nilimkuta sokoni ananunua mboga. Akanikumbuka, akauliza kichwa kinaendeleaje. Nikamweleza habari ya kioo kilichokatwa, akasikiliza mpaka mwisho, akasema mume wake ana pikipiki na kila Ijumaa akirudi kutoka Mbeya analala na kitambaa usoni. Nikampa kipande cha uzi mwekundu. Huwa natembea navyo mfukoni.

Kimoja bado kiko kwenye pikipiki yangu, mguuni mwa kioo cha pembeni upande wa kushoto. Mdogo wangu anataka nikitoe, anasema kinachafua pikipiki. Sikitoi. Kusi ikianza kuvuma baada ya Mafinga, kinaniambia kabla mabega hayajajua.